Ukuta wa Bibi Uliokwenda Tarime

Tulipokuwa tunamzika Marwa, mvua ilianza kunyesha kabla kaburi halijajaa. Vijana waliendelea kurusha udongo kwa sepetu, na ule udongo mwekundu wa kwetu ulipolowa, harufu yake ilipanda ikatukuta sisi wanawake tuliokuwa tumesimama chini ya turubai. Wenzangu walijifunika nyuso kwa kanga. Mimi niliivuta ile harufu, nikaivuta tena, mpaka dada yangu akanigeukia akidhani nakosa pumzi.

Wasifu wa marehemu ulikuwa umekwisha kusomwa. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akachimba dhahabu, akaacha dhahabu, akalima kahawa, akawa mzee wa kanisa. Yote ni kweli tupu. Lakini hakuna aliyetaja habari ya ukuta, na nadhani kati ya watu wote waliokuwa pale uwanjani, tunaoijua habari hiyo tumebaki wachache sana. Ndiyo maana naandika. Nyinyi wa rika langu mliokulia upande wa Tarime na Serengeti wakati ule wa dhahabu, mtanisahihisha nikikosea. Nilikuwa mtoto, na mtoto hukumbuka kwa macho na pua kuliko kwa akili.

Kwetu ni Kerende. Kabla ya dhahabu kuwa wazimu, siku zetu zilijulikana: ng'ombe hutoka, ng'ombe hurudi, katikati yake kuna mtama, mahindi na mihogo. Kisha wageni wakaanza kuja. Shamba ulilolipita jana ukienda shule, leo lina shimo, na ndani ya shimo kuna ngazi, na kwenye ngazi anapanda mtu mweupe kwa vumbi kama aliyemwagiwa unga. Mashimo hayo waliyaita maduara. Kutwa nzima ulisikia mawe yakipondwa, ko, ko, ko, hata kuku wakazoea wakawa wanalala mchana huku kelele ikiendelea. Madarasani tulipungua. Mwalimu akiita jina, tunajibu kwa pamoja, "Yuko duarani!"

Baba yangu naye aliingia, akishirikiana na Marwa. Marwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa duara lao. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Kazi yake kubwa ilikuwa matimba, yaani zile nguzo wanazosimika chini ya ardhi ili udongo usiwaangukie. Kila asubuhi kabla watu hawajashuka, yeye hushuka peke yake, anagonga kila nguzo kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Watu walimwamini kwa hilo.

Bibi yangu mzaa baba, Bhoke, aliishi katika nyumba ya udongo hatua chache kutoka kwetu, nami nilikuwa nalala kwake. Ilikuwa nyumba ya fito na nguzo, yenye paa la nyasi, na kwa nje hukuona cha ajabu. Lakini ukiinama ukaingia, ukasubiri macho yazoee giza, ndipo ukuta wa ndani unapokutokea. Bibi aliuchora wote, kutoka chini mpaka pale mkono wake ulipofika. Alitumia udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu wa kichuguu, na weusi wa masizi uliochanganywa na majivu. Kulikuwa na pembe za ng'ombe zilizopishana, njia zinazokwenda na kurudi, na mto Mara umelala katikati kama nyoka aliyeshiba. Kila baada ya mavuno aliukandika upya na kuuchora upya, akibadilisha alichotaka kubadilisha.

Isipokuwa kona moja. Kona ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa na miezi midogo myeupe, miezi michanga yenye ncha, mingine imetazama juu na mingine imetazama chini. Hiyo ilichorwa na Wankuru, mke mwenza wa bibi, walipokuwa wote wawili ni wasichana walioolewa na babu. Wankuru alifariki akijifungua, yeye na mtoto. Tangu siku hiyo bibi hakuigusa ile kona. Alikandika ukuta mzima akaizunguka, kama mtu anayefagia akamzunguka aliyelala. Mimi nilikuwa natandika ngozi yangu chini ya kona hiyo hiyo. Miezi ya Wankuru ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kukiona kila nilipofumbua macho.

Siku baba alipokuja na habari, bibi alikuwa mlangoni anapukuchua maharage.

"Mama," baba alisema, "mwamba wa dhahabu umepita chini ya kitanda chako."

Bibi hakuinua kichwa. "Uache upite. Nimelala juu yake maisha yangu yote, hatujawahi kugombana."

Baba alichuchumaa. Hakuwa mtu mbaya baba yangu, nisieleweke vibaya. Alikuwa amejenga nyumba ya matofali kule juu karibu na barabara, ina bati jipya linalong'aa hadi unafumba macho, na chumba kimoja alikitenga kwa ajili ya mama yake. Alisema wajomba na wazee wa ukoo wamekwisha kukaa na kukubaliana. Wasipochimba wao, watakuja wageni kupitia chini, nyumba itadidimia usiku bibi akiwa ndani.

"Ile ya bati siyo yangu," bibi akasema. "Ni ya kwako. Mimi siingii."

"Basi utalala wapi?"

"Jikoni kwangu kule nyuma. Au huko nako mwamba umepita?"

Tangu siku hiyo bibi alinyamaza. Hakulia wala hakugomba. Alikula matonge mawili matatu, akanisukumia sahani. Jioni aliketi akitazama ukuta, na nikimwuliza kitu alijibu swali la jana. Mimi niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa kama angepiga kelele.

Wakati huo huo Marwa alikuwa na safari zake za Tarime mjini. Siku moja mvua ilimkuta huko, akakimbilia kwenye mlango uliokuwa wazi, kumbe ni maktaba. Mkutubi wake alikuwa dada wa Kijaluo kutoka upande wa Shirati, jina lake Atieno, ndiyo kwanza amehamia. Mji ulikuwa umefurika watu wa dhahabu, lakini ndani ya maktaba alikuwa yeye na vitabu. Aliwaza afanye nini watu waingie, akaamua kuwaita watu wenye sanaa zao kutoka wilaya yetu na ya Serengeti, walete kazi zao zionekane humo. Akamwuliza Marwa kama kwao kuna wasanii.

"Msanii ndiyo mtu gani?" Marwa aliuliza. Hii aliisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, akicheka.

"Mtu anayetengeneza kitu kizuri kwa mikono yake."

Marwa akafikiri. "Yupo mama mmoja. Ndiye mwenye nyumba tunayotaka kuivunja."

Kwa hiyo wakaja pamoja. Nilikuwa nimekaa kwenye ngozi yangu nikachungulia. Yule dada alimwamkia bibi, "Shikamoo mama," akavua viatu mlangoni, akaingia, akasimama mbele ya ukuta. Alisimama sana. Hatimaye akazungumza, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka kama cha redio, nami Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, cha kuokoteza. Nyumbani tulizungumza Kikurya tu.

"Mama, ukuta huu naomba uende Tarime kwenye maonyesho. Watu wote watakuja kuuona. Hata mkuu wa wilaya tutamwalika."

Nikajikunyata kwenye ngozi yangu. Maana shuleni kwetu, kwenye ukuta wa ofisi, mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUCHORA UKUTANI. Kijana mmoja wa darasa la juu alichora dume la ng'ombe kwa mkaa, akasimamishwa mbele yetu wote akapewa onyo. Alipochora tena akapewa onyo la mwisho. Neno hilo nililijua vizuri kabisa. Onyo, maonyo, maonyesho: kwangu yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Huyu dada amekuja kumpeleka bibi kwenye maonyo makubwa, mbele ya mkuu wa wilaya, kwa kosa la kuchora ukutani tangu ujana wake hadi leo. Na ukuta wenyewe unatakiwa uende. Hilo nalo nililielewa, kwa sababu kwetu ng'ombe wa wizi akipatikana, hupelekwa kituoni akafungwa pale nje kama ushahidi, mpaka kesi iishe.

Bibi alimsikiliza yule dada, Marwa akimtafsiria, kisha akasema, "Nyumba haisafiri." Wakaondoka.

Kesho yake asubuhi sikwenda shule. Nilichukua kanga ya bibi, nikafungia ndani yake kikopo chake cha ugoro, kitana, na mihogo ya kuchemsha. Nikamfuata alipokuwa anakamua ng'ombe.

"Bibi, twende Kehancha."

"Kehancha kufanya nini?" Kehancha ni kule ng'ambo, Kenya, ambako tulikuwa na ndugu wengi.

"Kujificha. Mtu akishavuka mpaka, polisi hawamkamati. Hata wezi wa ng'ombe hufanya hivyo."

"Nani anatukamata?"

Nikamweleza yote: tangazo la shuleni, dume la mkaa, onyo la mwisho, mkuu wa wilaya, ukuta kuwa ushahidi. Nilipofika kwenye ushahidi nilikuwa tayari nalia. Bibi aliweka kibuyu cha maziwa chini polepole. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akamshika ng'ombe mgongoni asianguke, na ng'ombe akageuka kumtazama. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu baba alipoleta habari ya mwamba. Mama yangu alitoka mbio ndani kuja kuona kulikoni.

"Mnasikia?" bibi alimwambia mama akifuta machozi. "Mjukuu wangu ananitorosha. Mimi ni mwizi wa kuta." Kisha akaniangalia kwa muda. "Robhi, na mimi hilo neno la yule dada silijui vizuri. Lakini kama ni kesi, mtu mzima hakimbii kesi. Tutakwenda tuisikilize. Mwambie Marwa aje."

Marwa alikuja na watu wa duara lake. Baba aliona ni upuuzi. Alisema ukuta wa udongo ukiuondoa kwenye nyumba ni kifusi, na kwamba siku zinapotea. Marwa akamjibu kwa utulivu, "Tumeweza kuzuia mlima usituangukie. Ukuta wa mama mmoja utatushinda? Ukuta kwanza, mwamba baadaye."

Walianza kwa kutoa paa. Jua liliingia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza, na rangi za bibi zikawaka kiasi kwamba wale wanaume waliacha kazi wakatazama. Kisha wakafanya kama wafanyavyo chini ya ardhi: wakasimika matimba mbele na nyuma, wakapiga mbao za kukingama, wakajaza katikati kwa nyasi na mablanketi. Wakakata nguzo na fito kwa msumeno, taratibu. Marwa aligonga kwa vifundo vyake, akasikiliza, akaongeza ubao hapa, akalegeza kamba pale. Walipoulaza ukuta juu ya mabega yao, yeye alitembea kinyumenyume mbele yao akisema kwa sauti ya chini, "Polepole. Polepole, jamani. Huyu ni mgonjwa."

Tela ya trekta ilitandikwa majani ya migomba tele. Ukuta ulisimamishwa ubavu, umefungwa kwa kamba. Bibi alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda telani, akakaa akiuelekea ukuta, kiganja kimoja kimeugusa kupitia kwenye mbao. Mimi nikakaa miguuni pake. Njiani ndipo nilipomwuliza Marwa kama bibi atapewa onyo moja tu au na la mwisho pamoja. Hakucheka. Alisema, "Hakuna anayeonywa, Robhi. Ni kuonyesha. Kama bibi harusi anavyotolewa nje, watu wamwone alivyopendeza." Nikamwamini, lakini si kabisa.

Tulikuwa tumepita vijiji kadhaa, barabara inateremka kuelekea kijito, gurudumu la tela likadumbukia shimoni. Tela ililala upande, ikarudi. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu aliyevunja kijiti. Kisha mchanga ukamwagika. Bibi akatoa sauti moja tu, sijui niiandikeje, na akafunika mdomo. Kona ya chini kushoto ilikuwa imetoka. Miezi ya Wankuru ilikuwa vipande na vumbi juu ya majani ya migomba.

"Simamisha!" Marwa alipiga kelele, ingawa trekta ilikuwa imekwisha kusimama. "Asishuke mtu. Asikanyage mtu."

Alivua shati lake akalitandaza. Akaokota mabonge makubwa kwa vidole, moja moja. Kisha akaomba brashi, ile ndogo wanayofagilia unga wa mawe baada ya kuponda, maana mwenzake mmoja aliibeba mfukoni kila aendako. Akafagia kila jani la mgomba, akalikung'uta, akafagia mbao za tela, akaingiza brashi kwenye nyufa. 

"Mama," Marwa akamwambia akiwa amepiga magoti, "sisi vumbi hatuliachi. Tukiacha vumbi la jiwe tunalala njaa. Na hili la kwako hatuliachi."

Alifunga shati lake fundo, akamkabidhi. Bibi alilipakata mpaka Tarime kama mtoto mchanga, na Marwa akaingia mjini kifua wazi.

Maktaba ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa, na kilinukia karatasi za zamani, harufu ambayo sikuwahi kukutana nayo mahali pengine. Wasanii wengine walikuwa wameanza kupanga vitu vyao. Mzee Mahemba kutoka Robanda, kando ya mbuga, alikuwa amechonga tembo wengi wadogo, hakuna aliyezidi ukubwa wa paka. Nilimwuliza kwa nini hakuchonga mnyama mwingine. "Wananimalizia mahindi yangu kila mwaka," alisema. "Nikaona niwachonge wadogo, angalau mara moja na mimi niwatazame kwa juu." Mama mmoja wa Nyambureti alitundika vikapu vyenye rangi za magome. Na kulikuwa na kijana mchora vibao vya hoteli na vinyozi kutoka Sirari, Kiswahili chake nusu Kenya, aliyeshika kichwa alipoona watu wa duara wanaingiza mzigo wao mlangoni.

"Wacha! Kwani hii nyumba mmeileta yote?"

Ukuta ukasimamishwa kati ya rafu mbili, ukaegemezwa vizuri. Ulikuwa mzima, pembe zake, njia zake, mto wake. Pale kwenye kona palikuwa na tundu, fito zimetokeza kama mbavu.

Bibi alifungua fundo la shati. Akaomba beseni, maji, na samadi mbichi. Dada Atieno alitazama vitabu vyake, akatazama sakafu aliyoisugua siku nzima, kisha akachukua karatasi ya gazeti akatoka mwenyewe. Tulimwona dirishani akimfuata ndama wa mtu nyuma ya mahakama. Alirudi na mzigo wake kwa mikono miwili, amekaza uso kwa heshima, na bibi akampokea kama mtu anayepokea sadaka.

Ule udongo ulipoloweshwa, ukakandwa na samadi, harufu yake ilijaa maktaba nzima, ikafunika karatasi na wino. Lakini bibi alipolisogeza bonge kwenye tundu, mkono ukasimama hewani.

"Siwezi," alisema. "Mkono wangu haujaingia kwenye kona ya mwenzangu tangu aondoke."

 Mzee Mahemba aliinamisha kichwa. Marwa, ambaye kijana wa Sirari alikuwa amemwazima koti la rangi rangi, alisema kutoka kule alikokaa, "Mama, udongo ni wa Wankuru. Haukupotea hata chembe. Wewe hapo ni mikono tu."

Bibi akavuta pumzi. Akabandika. Akalainisha kwa kiganja, akangoja pakauke kidogo, akachovya kidole kwenye udongo mweupe. Ndipo aliponigeukia. "Robhi. Mwezi wa kwanza chini hapa, ulitazama wapi?"

"Juu," nikasema. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa naamka nao.

"Na wa jirani yake?"

"Chini. Umeegemea kidogo, kama umechoka."

Tulikwenda hivyo mpaka miezi yote ikarudi. Nikifumba macho niliiona, nikifumbua nilimwelekeza. Hakuna mtihani nilioufanya maishani nikajibu kwa uhakika ule.

Maonyesho yalipofunguliwa, watu walikuja kama wanaokwenda mnadani. Wapo walioziba pua wakicheka, wakafika mbele ya ukuta wakashusha mkono. Wanafunzi walikuja kwa mistari. Wachimbaji wa kwetu Nyamongo waliokuwa mjini kwa shughuli zao walipita kuulizia ile nyumba iliyoingia ndani ya nyumba. Nilimwona mkuu wa wilaya kwa macho yangu. Alimwamkia bibi, "Shikamoo mama," hakumpa onyo lolote, nami nikapumua.

Niseme kwanza yaliyokuja baadaye, ili nimalizie na lile ninalolishukuru kuliko yote. Mwamba wa chini ya kitanda ulitoa dhahabu kiasi, si kama ilivyoota mioyo ya watu, kisha maji yakaingia na duara likaachwa. Ukuta ulibaki maktaba. Dada Atieno alikataa kuutoa, akasema vitabu vitasogea. Nilipokuwa sekondari nilisomea mezani mbele yake, na nikachukua pale vitabu vilivyonifikisha nilipo. Baadaye jengo lilikarabatiwa, na ukuta wa udongo haukuweza kuhama mara ya pili. Sikulia. Ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake, na sehemu ya kazi hiyo ni hii ninayowaambia sasa.

Ilikuwa jioni ya siku ya mwisho ya maonyesho, Dada Atieno ameanza kufunga madirisha. Mlangoni akaingia bikizee, amevaa gauni la Kikenya lenye kola pana, ameshikwa mkono na binti. Alikuja mjini kuuza ndizi, watu wakamwambia gulioni kwamba kuna maajabu. Alitazama tembo, akatazama vikapu. Alipofika kwenye ukuta aliutazama juu, akashuka na macho yake, akafika kwenye ile kona. Akamwachia binti mkono. Akapiga magoti, kwa shida, jinsi wazee wanavyopiga magoti.

"Hii miezi," alisema kwa Kikurya, "ni ya mama yetu. Mama alikuwa anaichora kwenye vyungu vyetu. Tulifundishwa mimi na dada yangu peke yetu. Ni nani ameichora hapa?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando. Alisimama. "Dada yako aliitwa nani?"

"Wankuru. Aliolewa upande huu. Alipofariki bila mtoto, sisi hatukuwa na wa kumfuata tena. Njia ikaota majani."

Bibi alimwendea akapiga magoti naye, wakawa wawili sakafuni mbele ya udongo. "Ni yeye aliyechora," bibi akasema. "Mimi nilikuwa mikono tu. Nilimwachia pake. Miaka yote hii nilimwachia pake."

Walishikana. Sikuelewa yote waliyosema, maana walisema kwa pamoja, na nusu ilikuwa kilio. Niliona Marwa ameupa ukuta mgongo anatazama nje dirishani. Dada Atieno aliacha kufunga madirisha. Aliketi kwenye rafu ya chini, akawaacha wamalize.

Giza lilipokaribia, yule mgeni alijifuta uso, akasema kama wanavyosema wakwe waliopotezana na kukutana: "Sasa nipeleke nyumbani kwako. Nikaone alipoishi dada yangu, nilale, kesho nitarudi."

Nikamtazama bibi. Baba naye alikuwa amekuja na trekta kutuchukua, nikaona amekaza macho kwa mama yake. Nyumba aliyoishi Wankuru ilikuwa imekwisha kuchimbwa, imebaki shimo. Bibi mwenyewe alikuwa analala kwenye jiko la nyuma, juu ya magunia, na kwenye ile ya bati hakuwa amekanyaga hata kizingiti. Lakini mgeni ameomba kulala, tena mgeni kama huyo, na kwa Mkurya mgeni halazwi jikoni.

 Bibi akamwambia baba, "Kitanda cha kile chumba kimetandikwa?"

"Kimetandikwa tangu siku ile, mama."

Tulirudi Kerende tukiwa tumejaa telani, wazee wawili wamejifunika kanga moja. Mama yangu alitusikia akatoka na taa. Kule juu karibu na barabara, kwenye nyumba ya bati, bibi alishuka, akampita baba, akampita mama, akausukuma mlango mwenyewe. Akasimama ndani, akamgeukia mgeni wake, mdogo wa marehemu Wankuru, aliyekuwa bado uani anatafuta pa kuweka mguu.

"Karibu," alisema. "Karibu kwangu."